Mbegu ya Kiume Haitoki Ikiwa Tayari

Nimekulia Lindi, karibu na mashamba ya chumvi, na nimesikia mara nyingi jinsi watu wanavyozungumza kuhusu ndoa isiyojaliwa mtoto. Shangazi yangu alirudishwa kwao baada ya miaka minne ya ndoa. Mumewe alikuwa amepimwa na kuambiwa kwamba mbegu zake ni nyingi na zinatembea vizuri, kwa hiyo ndugu wakaamua kwamba tasa ni mke. Naandika kwa sababu naamini kipimo kile hakikutosha kumhukumu mtu.

Mbegu ya kiume inapotoka mwilini mwa mwanamume haina bado uwezo wa kulirutubisha yai. Jambo hilo lilibainishwa mwaka 1951 na watafiti wawili, kila mmoja kwa njia yake, Min Chueh Chang nchini Marekani na Colin Austin nchini Australia, ambao waliona katika wanyama wa maabara kwamba mbegu hulazimika kukaa kwanza kwa saa kadhaa ndani ya njia ya uzazi ya jike. Kwa binadamu pia maandalizi hayo yapo, na sehemu yake kubwa ni kazi ya ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, kama zile zinazotengana chumvi inapoyeyuka majini.

Manii yana zinki nyingi, itokayo hasa kwenye tezi dume, na zinki hiyo huziba mlango wa protoni, yaani ioni za hidrojeni zinazoleta uasidi, ulioko kwenye utando wa mkia wa mbegu. Mbegu inapoyaacha manii na kupanda kuelekea kwenye mirija, zinki hupungua, protoni hutoka, na uasidi wa ndani hushuka. Bikaboneti, ioni nyingine iliyomo katika majimaji ya mwanamke, nayo huingia na kuamsha kimeng'enya kinachoanzisha mabadiliko mengine mengi. Hapo huwa tayari mlango mwingine, uitwao CatSper, uliotambuliwa mwaka 2001, ambao kazi yake ni kupitisha kalsiamu. Kwa kuwa kalsiamu iliyoko nje ni nyingi kwa maelfu ya mara kuliko iliyomo ndani, mlango huo ukifunguka kalsiamu humiminika ndani kwa kasi. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba kwa binadamu projesteroni, homoni ambayo hutolewa pia na seli zinazolizunguka yai, huuchochea mlango huo kufunguka. Kalsiamu ikiingia, mkia uliokuwa ukipiga kwa upole huanza kuchapa kama mjeledi, na bila nguvu hiyo mbegu haiwezi kuupenya utando mnene wa yai.

Tazama basi ni kiasi gani cha kazi hii kinafanyika ndani ya mwili wa mwanamke, na ni kiasi gani hakionekani kwa hadubini ya kawaida, ambayo huhesabu mbegu na kuangalia mwendo na umbo lake tu. Wapo wanaume ambao CatSper yao haifanyi kazi kwa sababu ya hitilafu ya kurithi, na mbegu zao huweza kuonekana za kawaida kabisa ilhali hazirutubishi yai hata zikiwekwa nalo katika chombo cha maabara. Sisemi kwamba mume wa shangazi alikuwa na hitilafu hiyo. Nasema kwamba cheti chake hakikuweza kuthibitisha kwamba hana, wala hakikusema lolote kuhusu mke, ambaye hakupimwa hata mara moja.

Kwetu Kusini, miongoni mwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, kwa desturi mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama, na huenda ndiyo maana asipopatikana mtoto macho yote humgeukia mama. Naomba wazee wanaosimamia jando wawafundishe vijana kwamba uwezo wa kuzaa ni wa watu wawili, na kwamba mume na mke wanapaswa kwenda kupimwa pamoja, siku moja, na majibu wayapokee wote wawili wakiwa wameketi mbele ya daktari.

Shangazi aliolewa tena Masasi, akazaa watoto watatu. Waliomrudisha hawajamwomba radhi mpaka leo.