Ngoma Haijibu Dodoso

Kuna dodoso linazunguka vijijini Iringa msimu huu, kurasa nne, kopi ya kopi hadi herufi zimefifia. Mwenye nalo anasoma masta ya muziki na sanaa za maonyesho. Swali la kwanza jinsi, la pili umri, la tatu kiwango cha elimu, halafu linakuja lenyewe: "Je, unakubali kwamba ngoma za asili zina mchango katika jamii?" Weka vema: nakubali sana, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa.

Hebu mpelekee mzee wa Kihehe aliyeshika ligombo, ala ya nyuzi ya Wahehe, tangu ujanani, umwambie aweke vema hapo.

Mimi nimeshaweka yangu. Sikubali kabisa. Sina ugomvi na ngoma wala na huyo mwanafunzi, ambaye pengine amepewa fomu ileile wanayopewa wa elimu na wa maendeleo ya jamii. Ninachokataa ni masta ya muziki isiyo na muziki ndani. Sura tano, majedwali ya asilimia, "wahojiwa wengi walikubali", na hakuna hata mstari mmoja unaosema ligombo lile lina nyuzi ngapi, zimetyuniwa vipi, na wimbo gani unaanzia uzi upi. Ukiitikisa tasnifu hiyo haitoi hata mlio.

Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alipita Tanganyika mwaka 1950 na kunasa, pamoja na mengine mengi, ligombo la Wahehe. Sauti hizo leo zinasikika kupitia ILAM, maktaba ya muziki aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Ana makosa yake, wameyaandika wengine. Ila ukitaka kujua ligombo lilitoaje sauti kizazi kile, utamsikiliza yeye. Nani atakuja kusikiliza dodoso lako?

Kazi yenyewe iko hivi, mdogo wangu. Kabla ya wimbo wa kwanza, mwombe mzee apige uzi mmoja mmoja, kutoka wenye sauti nzito hadi wenye sauti nyembamba, kila mmoja mara tatu, na auache ufe wenyewe. Usimwambie aharakishe. Mkimaliza nyimbo zote, rudieni zoezi hilohilo, kwa sababu nyuzi hulegea na jua huhama, na usipokuwa na kipimo cha mwanzo na cha mwisho hutajua kilichobadilika ni wimbo au ni uzi. Ligombo halina kelele: kinasa sauti kikae kama sentimita 40 kutoka kwenye mwili wa chombo, chini ya mdomo wa mwimbaji, maana ukikielekeza usoni utapata sauti ya mzee na vumbi la nyuzi. Rekodi WAV, faili ya sauti isiyobanwa, biti 24, kilohezi 48. Saa moja ya stereo inakula karibu GB 1, kwa hiyo usije na kadi iliyojaa picha za harusi. Kilele cha sauti kisipite desibeli 12 chini ya sifuri, maana sifuri ndiyo mwisho wa kinasa, kwa sababu mtu akichangamka katikati ya wimbo hupaza, na sauti iliyopasuka hairekebishiki. Na tafadhali, usirekodi kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp halafu ukaiita data.

Nyumbani ndiko kwenye shughuli. Unapima kila uzi kwa senti, kipimo cha umbali kati ya sauti na sauti, oktavu moja ikiwa na senti 1200, na hapo ndipo kinanda kilichokulea kanisani kinaanza kukudanganya. Chukua majirani zetu Wagogo, ambao mfumo wao umeandikwa vizuri: sauti zao zimejengwa juu ya harmoniki, yaani sauti ndogo zilizomo ndani ya sauti moja ya msingi, kutoka ya 4 hadi ya 9. Ile ya 7 inakaa senti 969 juu ya ile ya 4, ambayo ndiyo mzizi. Kinanda chako hapo kina 1000. Tofauti ya senti 31 mtoto anaisikia, lakini mwanafunzi wa masta, mzizi ukiwa C, anaandika B-flati kwenye mistari mitano, halafu anaongeza tanbihi kwamba mwimbaji "alitoka kidogo kwenye ufunguo". Mzee yuko palepale kwenye ufunguo wake. Aliyetoka ni kinanda. Andika nota ukitaka, ila weka mshale juu yake na namba ya senti pembeni, na usilete mizani ya 4/4 pale ambapo makofi yanagawa kwa mbili na miguu inagawa kwa tatu. Dakika moja ya wimbo wa namna hiyo inaweza kula siku nzima ya kuandika, na ratiba yako ya utafiti haikuitengea hata saa.

Ngoma za ngozi zina lake. Makete asubuhi ya Julai ngozi imenyonya unyevu, imelegea, ndiyo maana zinapashwa moto kwanza. Zikitoka motoni sauti iko juu, wakicheza inashuka, zinarudi motoni. Ukipima mara moja na kuandika "sauti ya ngoma kubwa ni hii", umepima dakika moja ya moto.

Na msimu. Shughuli za ngoma hushamiri baada ya mavuno, Juni hadi Septemba, watu wakiwa na nafasi na chakula. Barua ya chuo inaanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, katani, hadi kwa mtendaji wa kijiji, na kila meza ina siku zake. Anayetaka kuwa kijijini Julai aanze Aprili. Wengi wanatokea Januari: watu wako shambani, mvua inapiga bati kiasi kwamba rekodi nzima inakuwa ya bati, na ulanzi, pombe ya mianzi, ndio kwanza unagemwa. Kwa ulanzi sina malalamiko.

Haya, dodoso lina mahali pake. Anayechunguza nani ananunua nyimbo za kwaya Mbeya mjini, au tiketi za tamasha, akahesabu watu, sawa. Na najua wapo walimu walioajiriwa wanaopata nafasi ya wiki mbili tu. Wiki mbili za nyimbo nne zilizonaswa vizuri zinashinda kurasa mia mbili za asilimia.

Wanaodharau solfa za walimu wa kwaya wetu, d r m zilizoandikwa kwa kalamu kwenye daftari la mistari, nao niwaguse: nusu yenu hamwezi kuziimba mkizitazama.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni "Mhojiwa Na. 7". Kuficha jina kuna maana unapouliza watu mambo ya ugonjwa au ya siasa. Mpigaji ligombo ni mtunzi. Jina lake liulizwe, na akiridhia liandikwe kamili chini ya kila wimbo, na malipo yakubaliwe kabla kinasa sauti hakijawashwa, si soda baada ya kazi. Nyimbo ziandikwe kwa Kihehe kwanza, Kiswahili kifuate pembeni, kwa sababu kupanda na kushuka kwa maneno kunaivuta sauti ya wimbo, na tafsiri peke yake haioneshi hilo.

Halafu umwachie nakala. Si kiungo cha intaneti, si CD. Mzee ana redio ya kadi, ile inayoning'inizwa mlangoni. Nunua kadi ya GB 4, na uzigeuze nyimbo ziwe MP3 ukiwa bado mjini, maana redio nyingi za aina hiyo zikikutana na WAV ya biti 24 zinairuka tu, na wewe utakuwa umeshapanda basi la kurudi chuoni.