Klachi ya Nne na Mguu Wangu wa Kushoto

Leo asubuhi pale Ubungo, chini ya daraja, pedali ya klachi imeshuka mpaka sakafuni ikagoma kurudi. Nimeinyanyua kwa ncha ya kiatu, ikakaa sekunde moja kwa adabu, ikalala tena. Honi za jiji zima zikaamka. Kijana wa bajaji akachungulia dirishani kwangu: "Mzee wangu, tutakusukuma, ila toa ya soda kwanza."

Hiyo ni klachi ya nne, ndani ya miezi kumi na minne. Flaiwili mbili, yale magurudumu mazito ya injini ambayo klachi huyashika, sizihesabu, maana mama watoto hajaambiwa ya pili.

Naomba nieleweke. Mimi ni mtu mzima, nina kitambi changu cha halali, na kwenye vikao vya mtaa napewa kiti chenye mgongo. Gari langu ni Toyota GX 100, kwa nje tulivu kabisa. Tatizo ni kijana aliyeniuzia. Aling'oa injini yake ya 1G akatia 1JZ ya turbo, yaani yenye feni ya kuisukumia hewa, ile ambayo Japani ilitoka kiwandani ikiandikwa nguvu za farasi 280. Akang'oa na giaboksi ya otomatiki, akaweka ya kukanyaga. Sasa nikiachia mafuta, turbo inapiga chafya, vijana wa kijiweni wanasimama kuona ni nani anayekuja. Anashuka mzee na kifuko cha dagaa.

Klachi ya kwanza iliteleza: injini inalia kama mashine ya kusaga, gari linakwenda mwendo wa kusindikiza jeneza, na ndani harufu ya kandambili zinazoungua. Fundi akasema farasi wameizidi nguvu. Sawa, hilo nililikubali.

Ya pili akanifungia ya mashindano, ile yenye vipande sita vya shaba. Hiyo haijui neno "taratibu". Inashika yote au haishiki kabisa. Kwenye foleni ya Kimara tulikuwa tunaruka kama mbuzi aliyeona kisu. Mama watoto alishuka Kibo, akapanda mwendokasi, hakuaga. Flaiwili ikatoka na madoa ya buluu na mipasuko kama shamba la kiangazi. Na mguu wangu wa kushoto umekuwa mnene kuliko wa kulia. Fundi cherehani ameuona, mimi nikamwambia ni mazoezi.

Ya tatu ilichanika katikati. Nilimwuliza fundi kwa nini, akatazama mbinguni.

Basi leo tumelivuta mpaka gerejini. Fundi hakufungua hata boneti. Akanitazama kiatu.

"Bosi, unakanyagia hiki?"

"Ndiyo."

"Soli nene hii. Mguu hausikii klachi."

Nikamwambia nimeendesha gari tangu yeye ananyonya. Akatikisa kichwa kwa huruma, akaleta kreti la soda, akanikalisha juu yake. Mbele yangu akapanga matofali matatu: klachi, breki, mafuta. Mkononi akanipa fimbo ya fagio, ndiyo gia. "Haya, ondoka nikuone."

Mimi, mwenye kiti chenye mgongo, nikaondoka. Nikakanyaga tofali la kwanza, nikavuta fagio, nikaachia polepole. Mafundi wa magari mengine wakaacha kazi. Mwenye Noah akazima redio asikie vizuri. Mama ntilie akaweka mwiko chini, akaangalia mpaka nimefika gia ya tatu, akatoa hukumu: "Anakawia kuachia."

"Si mnaona?" fundi akasema. "Mguu. Mimi nafunga vizuri, mguu unaharibu."

Nikaombwa nirudie, safari hii na mlima.

Nilipokuwa katikati ya mlima, akatokea mzee mchonga vyuma wa jirani, anadai hela yake ya kuchonga flaiwili yangu, hela ambayo mimi nilishailipa, tuliache hilo. Giaboksi ilikuwa imeshashushwa. Mzee akaokota klachi pleti, akaigeuza kama anakagua chapati.

"Huu si mguu," akasema. "Mguu ungekula sehemu ya kusugua. Hii hapa bado nene. Kilichokatika ni moyo." Kweli, springi za katikati zilikuwa zimetoka zote, na bearing ya kusukumia klachi imesambaratika, vipande vyake vimechora kila kitu humo ndani.

Akainama, akatia kidole kwenye tundu moja nyuma ya injini. Akatia kwenye la pili.

"Pini zake ziko wapi?"

Gereji nzima kimya. Kumbe kuna vipini viwili, vinene kama kidole cha mwisho, kazi yake ni kuiweka giaboksi katikati sawasawa na injini kabla hujakaza bolti. Visipokuwepo, bolti zinaibana tu hapo ilipolalia. Ikipishana unywele, shafti ya giaboksi inayoingia kwenye klachi inazunguka imepinda, na kila mzunguko unaukunja moyo wa klachi kidogo, maelfu ya mara kwa dakika. Uweke klachi ya shaba, uweke ya dhahabu, itakatika.

"Zile zilikuwa zinazuia giaboksi isiingie," fundi akasema, kama mtu anayesimulia tabia mbaya za jirani.

Saidia fundi, mtoto mwema ambaye hajui hatari, akaondoka mbio. Akarudi na pini moja. Alikuwa ameichomoa mlangoni kwa choo cha gereji, ndiyo iliyokuwa komeo.

Na yule fundi, ndugu zangu, hakuniangalia mimi. Alimwangalia mtoto: "Sasa choo tutafungaje?"

Klachi nne! Ningeezeka banda la kuku. Ningemalizia ada bila kukopa kwa wale watu mnaowajua. Miezi kumi na minne naambiwa niache kuegemeza mguu, nibadili kiatu, kuna mmoja alinishauri nikatoe sadaka, na mimi nikatoa! Kumbe klachi yangu iko chooni inalinda faragha za watu.

Pini ya pili haijaonekana. Nimeacha gari huko, nimerudi na daladala. Nimesimama, kwapa la mtu usoni, na kila dereva akibadili gia mguu wangu wa kushoto unakanyaga wenyewe. Mara ya tatu nimemkanyaga mama mmoja, ameniuliza kama nina ganzi. Konda naye, nimempa elfu moja, akasema chenji baadaye mzee. Nikashuka, gari likaondoka, mia nne yangu imekwenda Mbezi. Namba za gari ninazo.