Mji Kasoro Bahari Wafuata Bahari

Watano ni namba mbaya. Sijui nani alianzisha huu utaratibu wa vijana wa Morogoro kwenda Dar kwa mara ya kwanza wakiwa watano, ila huyo mtu hakuwahi kupanda bajaji. Bajaji inabeba abiria watatu. Gari ya kuita kwa simu inabeba wanne. Chumba cha gesti kinalaza wawili. Piga hesabu utakavyo, kila mahali kuna mmoja anabaki barabarani na begi lake, na huyo mmoja ndiye aliyeshika hela za wote.

Wanne, sawa. Sita, tutabanana. Lakini watano!

Na yote haya ni kwa sababu ya bahari. Kuzaliwa mji kasoro bahari kuna gharama zake. Mtu ana milima ya Uluguru dirishani, ana upepo, ana maji ya mtoni yanayotoka baridi bila friji, lakini Ijumaa mchana anaviacha vyote anakwenda kutazama maji ambayo hata kunywa hayanyweki. Haya, nenda. Ila nenda kwa akili.

Ugomvi wa kwanza unaanzia kwenye tiketi, kabla hata begi halijafungwa. Zamani kulikuwa na kisingizio: basi, Chalinze, Mlandizi, Kibaha, foleni ya malori, unafika umezeeka. Tangu Juni 2024 treni ya umeme ya SGR ilipoanza, kisingizio kimekufa. Nauli yake ya kawaida ni 13,000 na hata saa mbili hazifiki uko Dar. Sasa kwa vile kila kitu ni simu, mmoja wenu anajitolea kukata za wote. Anajaza majina, anajaza namba za vitambulisho, mfumo unampa namba ya kulipia, na muda unaanza kuhesabu. Hapo ndipo anaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Wakuu, tumeni hela."

Wa kwanza anatuma. Wa pili anajibu "natuma sasa hivi," na hiyo sasa hivi ni ya kwao nyumbani. Wa tatu anatuma 13,000 kavu, hela ya kutolea haihusu. Wa nne anauliza kama watu watano kuna punguzo. Na wa tano amesoma, alama za bluu hizo hapo, kimya kama kaburi. Muda unaisha, namba inakufa, viti vinarudi sokoni, mnaanza upya, na sasa mmetawanyika mabehewa matatu. Dawa yake ni ndogo tu: kusanya hela kwanza, ndipo ufungue ukurasa wa tiketi. Na majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho. Mtaani anaitwa Chidi, anajulikana mpaka Kihonda kwa hilo Chidi, lakini kitambulisho kinasema Rashidi, na mlangoni stesheni hawamjui Chidi.

Halafu saa. Tiketi inaandikwa kwa saa za kizungu. Ikisema 16:00 hakuna anayekosea, kila mtu anatoa sita anapata saa kumi jioni. Balaa ni ikisema 10:00. Kila safari kuna mmoja anaisoma hivyo hivyo, saa kumi, anakuja jioni amejipulizia manukato, wakati treni iliondoka saa nne asubuhi.

Sasa gesti. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo bajeti inapofia. Tuseme mmechanga 120,000 kila mmoja na mmejiona matajiri. Treni kwenda na kurudi 26,000. Chumba tuseme ni 30,000, usiku mbili. Kwenye karatasi mmeandika vyumba vitatu: wawili, wawili, mmoja. Vitatu mara usiku mbili ni 180,000, gawanya kwa watano, 36,000 kila kichwa. Inabaki 58,000 ya kula na kuzunguka. Safi kabisa. Tayari kuna anayenung'unika kwamba yule anayelala peke yake alipe zaidi, na yule wa peke yake anasema yeye alikubali upweke kwa ajili ya kundi.

Mnafika mapokezi. Dada wa mapokezi hainui uso. Anauliza, "Mko wangapi?" Watano. "Wanaume wote?" Ndiyo. "Wanaume wawili chumba kimoja haturuhusu."

Basi. Gesti nyingi ndivyo zilivyo, usianze kubishana, hiyo si sheria ya yule dada na yeye wala hajali. Sasa ni vyumba vitano, 300,000, kila mmoja 60,000, na ile 58,000 yako ya raha imekuwa 34,000. Mihogo ya ufukweni Coco imeliwa na mlango wa gesti. Ungepiga simu moja tu kabla ya kuondoka, ukauliza maneno mawili: wawili inaruhusiwa? Hakuna anayepiga. Wote wameangalia picha ya kitanda, wakaona taulo limekunjwa umbo la bata, wakasema "hapa pazuri".

Ukishalipa unaletewa daftari la wageni. Jina, kabila, unakotoka, unakokwenda, kazi. Wote watano mtaandika "mfanyabiashara". Kisha chumbani: washa feni kabla hujalipa, fungua bomba kabla hujalipa, tazama chandarua kina matundu mangapi kabla hujalipa. Maji ya sehemu nyingi za Dar ni ya kisima, yana chumvi, sabuni haitoi povu hata ukiisugua kwa hasira. Mtu wa Morogoro anamaliza nusu kipande akidhani sabuni ni feki. Sabuni haina kosa. Bahari uliyoifuata imekufuata bafuni.

Usafiri. Stesheni ya SGR iko karibu na kituo cha mwendokasi cha Gerezani, kwa hiyo wenye haraka huanzia hapo. Soma ubao wa mbele wa basi, kaka yangu, soma. Njia ya Morocco na njia ya Kimara zinakwenda pamoja mpaka Magomeni, halafu zinaachana. Wanne wamepanda la Morocco, wa tano amepanda la nyuma yake kwa sababu "lilikuwa na nafasi". Lilikuwa na nafasi kwa sababu lilikuwa la kwenda kwingine. Huyo mtampata Kimara. Atapiga simu aseme, "Mbona mmeniacha?"

Daladala nayo ina elimu yake. Jioni Kariakoo au Posta utaona gari linaingia kituoni limeshajaa watu waliokaa, na hakuna aliyeshuka. Usidhani ni ndugu wa konda. Hao wamegeuza nalo: walilidaka vituo vya nyuma likiwa linakuja mjini, wakalipa nauli ya kuja, wakakaa kitini, sasa wanalipa ya kwenda. Kama nauli ni 600, kiti kimemgharimu 1,200. Ni akili, wala si uchizi, maana kusimama saa moja na nusu kwenye foleni ya Ijumaa, kwapa la mtu usiyemjua likiwa puani, hakuna mwenye bei yake. Konda atawaambia, "Sogeeni nyuma, nyuma kweupe." Nyuma hakujawahi kuwa kweupe tangu daladala zianze. Sogea hivyo hivyo, na begi weka kifuani, lisikae mgongoni. Mgongoni ni zawadi.

Barabarani nako simu haichezewi ukingoni mwa lami. Vishandu, wale wezi wa kukwapua, wanapita na pikipiki, mkono mmoja, wamekwenda. Unabaki umeshika sikio.

Kariakoo nendeni Jumamosi asubuhi. Mkiiacha mpaka Jumapili mtakuta maduka mengi yameshushwa milango, mtapiga picha na makufuli. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa vita kuu ya kwanza, na mpaka leo ukienda na wenzako wewe ndiye mpagazi: shikilia hiki, nakuja. Hakuji. Watu watano Kariakoo hawatembei pamoja, haiwezekani, mtaa wa Kongo unawachuja kama chujio la nazi. Wekeni mahali pa kukutana na saa ya kukutana kabla hamjaingia, mahali pasipohama. "Pale kwa yule wa viatu" hapafai. Wa viatu wako wengi kuliko nyinyi, na mgambo wakitokea wanahama wote na turubai zao.

Bei ya kwanza unayotajiwa ni salamu tu, hakuna anayeilipa. Jibu kwa heshima, taja yako, ondoka taratibu. Ukiitwa, ujue umekaribia. Usipoitwa, ulitukana. Na kama mnataka fulana za aina moja, nunueni kwa pamoja, maana ukichukua kadhaa muuzaji anaanza kukusikiliza kwa bei ya jumla. Watano mnaweza kufaidi hapo, ndiyo faida pekee ya kuwa watano niliyoiona, na hata hiyo mnaiharibu kwa sababu wanne wanataka nyekundu na mmoja anataka buluu.

Simu ya mkononi mwa mtu barabarani usiitazame. Utaonyeshwa nzima, itawaka, itapiga picha, utapewa bei ya msiba. Ukishatoa hela itafungwa kwenye mfuko, gundi ya karatasi inazungushwa, na jamaa ghafla anasema askari wanakuja, ondoka haraka. Ukifungua kwenye gari unakuta kipande cha sabuni ya mche, kimekatwa kwa ustadi, uzito ule ule. Na kwa yale maji ya gesti, hata povu hutapata.

Sasa bahari yenyewe. Kila kundi linapanga vivyo hivyo: Jumamosi saa nne asubuhi Coco Beach, jua likiwa zuri. Hakuna aliyeangalia mwezi. Bahari ina ratiba, jamani, na ratiba yake haimo kwenye kundi la WhatsApp. Siku za bamvua, yaani maji yanapopanda na kushuka sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani ya Dar maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa kabisa karibu saa nne. Yaani saa nne ile ile mliyoipanga, mnashuka na taulo mabegani, na bahari haipo. Kuna mawe, kuna majani ya bahari, kuna kaa anawatazama, na maji yako mbali kule kama kitu cha jirani. Mtu ametoka mji kasoro bahari, kalipa treni, kalipa chumba cha peke yake, kaja kukuta ufuko kasoro bahari.

Kila siku saa za maji zinasogea mbele kama dakika hamsini. Kwa hiyo ukijua ya leo, ya kesho unahesabu mwenyewe. Baada ya juma moja, mwezi ukiwa nusu, mambo yanapinduka: maji hujaa asubuhi ile ya saa nne au tano, lakini ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Kwa mtu wa kuogelea kwa kujishika kwenye bega la mwenzake, hayo ndiyo yanamfaa. Bamvua waachie wanaojua, na mawe ya Coco hayaonekani maji yakishayafunika, miguu ndiyo inayoyaona.

Viti vya plastiki pale ufukweni vina wenyewe. Ukikaa, umeagiza. Muhogo uliza bei kwa sahani, mishkaki uliza kwa kijiti, na pilipili onja kwa ncha ya kidole. Mpiga picha akija na kamera, kubalianeni idadi kabla hamjatabasamu. Watano mkiruka juu kwa pamoja yeye anabonyeza mara thelathini, na atataka kuwauzia zote thelathini, ikiwemo ile ambayo wanne wako hewani na wa tano ameshatua.

Kama hela imekatika na bahari bado hamjaishiba, nendeni Feri, pandeni kivuko cha Kigamboni. Kwa miguu ni 200. Mnavuka, mnaona meli kubwa zinaingia bandarini, upepo wa bure, mnarudi, 400 imeisha. Hiyo ndiyo boti ya mwenye bajeti iliyoliwa na gesti.

Jumapili gesti wanataka chumba saa nne asubuhi, na treni tuseme ni jioni. Hapo katikati mnazurura na mabegi yamelowa chumvi, mchanga umeingia mpaka kwenye tundu la chaji la simu. Muulizeni yule dada wa mapokezi kama atawawekea mizigo. Mara nyingi anakubali, kama jana yake hamkubishana naye juu ya wanaume wawili.

Stesheni fikeni mapema. Mizigo inapita kwenye mashine, kitambulisho mkononi, na geti linafungwa kabla treni haijaondoka. Treni hii haina konda wa kupigia bodi kofi aseme "subiri, kuna wa nyuma". Wanne wamesimama pale kwenye mstari, jasho, fulana nne nyekundu na moja ya buluu begani. Askari anasema, "Tiketi." Tiketi zote tano ziko kwenye simu ya yule mmoja. Yule mmoja amekwenda nje kununua maji. Mnampigia, anapokea, anasema nipo hapa hapa mlangoni, na kabla hajamaliza kusema mlango upi, chaji imekata.