Uzi Hauyeyuki, Hukatwa na Maji

Dada yangu alijifungua kwa upasuaji. Siku ya kuruhusiwa akamuuliza nesi nyuzi zitatolewa lini. "Hizo zitayeyuka tu, mama." Ikawa basi. Kwenye teksi ya kurudi Umoja akanigeukia mimi: zikishayeyuka zinaenda wapi?

Neno hilo ndilo linalotuponza. Sukari ikiyeyuka kwenye chai bado ni sukari. Uzi wa aina hiyo unaotumika sana, poliglaktini, ni plastiki ya kiwandani: mnyororo mrefu wa pingili za asidi ya glikoliki na ya laktiki, tisa kwa moja. Maji ya mwilini hupenya na kuzikata pingili hizo, hata bila kimeng'enya, yaani kichocheo cha mwili kinachosaga vitu. (Uzi wa zamani ulitokana na utumbo wa kondoo au ng'ombe, na huo kweli ulimeng'enywa.) Kufikia wiki ya tatu nguvu imebaki kama nusu, ingawa kwa macho uzi bado upo, kidonda nacho kimeshaanza kujishika. Kati ya siku 56 na 70 haupo tena. Asidi ya laktiki inayobaki ndiyo ile ambayo misuli huitoa ukikimbilia matatu. Mwili huzichoma asidi hizo, na mabaki hutoka kwa pumzi na kwa mkojo. Nilimwambia dada kwamba sehemu ya uzi wake ataipumua, akadhani namtania.

Lakini si kila plastiki ina tabia hiyo. Jirani yetu alishonewa wavu wa ngiri, ule wa kuimarisha ukuta wa tumbo uliolegea, naye anasubiri "uyeyuke". Wavu wa kawaida wa ngiri ni polipropilini, plastiki ileile ya magunia meupe ya sukari. Mnyororo wake ni kaboni kwa kaboni, maji hayana pa kukata. Chembe za kinga huushambulia kwa kemikali zenye oksijeni, na miaka ikipita ngozi yake ya juu huweza kupata nyufa, ila unabaki. Uliwekwa ubaki.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vijiti vya kupanga uzazi. Saluni nimemsikia mama akisema chake "kitakuwa kimeisha chenyewe". Dawa ndiyo hupungua, na kijiti huidhinishwa kutumika kwa miaka 3 au 5 kutegemea aina. Kijiti kiko palepale mkononi hadi kitolewe.

Ningependa mgonjwa aandikiwe mstari mmoja tu: umewekewa nini, na kitabaki au kitaondoka. Bili ya dada yangu ina bei ya kila jozi ya glavu. Aina ya uzi haimo.