Damu isingoje msiba

Nimesoma makala inayosema familia za wagonjwa Nairobi bado zinaambiwa zitafute wachangiaji damu kabla ya upasuaji. Hilo linaniuma sana. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hawezi kungoja shemeji atoke Kayole, akwame kwenye msongamano wa Jogoo Road.

Wakenya si wachoyo. Jumba la maduka la Westgate, Nairobi, liliposhambuliwa Septemba 2013, watu walifurika bustani ya Uhuru Park kutoa damu. Lakini damu haiwekwi kama mahindi ghalani: chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu siku 42 hivi, zile za kugandisha damu hudumu siku 5 tu. Ndiyo maana shule zikifungwa akiba hushuka, kwa sababu wachangiaji wetu wengi ni wanafunzi. Mzigo huu tumewatwika watoto, tusifichane.

Sisi wenye ajira tuko wapi? Ukiwa mzima wa afya, una kilo 50 au zaidi na hujapita miaka 65, unaweza kutoa. Ni mililita 450 hivi, kisha mwanamume hungoja miezi 3 kabla ya kutoa tena, mwanamke 4. Waajiri nao wawape wafanyakazi ruhusa ya saa moja waende, bila kuwakata mshahara.