Mpoma na Katosi ni Kazi Moja

Wilaya yetu ya Mukono, Uganda, ina sehemu mbili ambazo sijawahi kusikia zikitajwa pamoja. Moja ni Mpoma, penye madishi makubwa yaliyowekwa zamani kwa ajili ya simu za ng'ambo, na ambapo siku hizi kuna kituo cha kuwasiliana na setilaiti. Nyingine ni Katosi, mwalo wa wavuvi wa Ziwa Victoria, ambapo giza la mwezi likiingia mashua hutoka na taa zao kwenda kuvua mukene, yaani dagaa. Mpoma macho yako juu, Katosi macho yako majini. Mimi ni mwalimu wa fizikia, naishi kati ya hizo mbili, na nasema bila kusita kwamba ni kazi moja, tena kuitenganisha kunatugharimu.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Katosi. Alikuwa amesikia kwamba watafiti kutoka Jinja hupita ziwani wakihesabu samaki, na jambo hilo lilimkera kidogo. "Mwalimu, utamhesabuje samaki ambaye hujamvua?" Nikamweleza kwamba chombo chao hutuma mlio ndani ya maji. Mlio ukigonga samaki, mwangwi hurudi. Kwa muda uliopita na nguvu ya mwangwi wenyewe wanajua samaki yuko kina gani na ana ukubwa gani. Akafikiri. "Basi ni kama popo." Ndiyo, mzee, kama popo. Upimaji huo unafanyika Ziwa Victoria tangu 1999, na Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lenye makao yake Jinja ndilo linaloziunganisha Uganda, Kenya na Tanzania katika kazi hiyo.

Njiani kurudi nyumbani nikawa nawaza: ni mambo mangapi tunayoyajua kuhusu ziwa hili kwa mwangwi tu? Kimo cha maji, kwa mfano. Tangu 1992, ilipoanza TOPEX/Poseidon, zikafuata Jason na sasa Sentinel-6, setilaiti hupiga wimbi la redio kuelekea majini na kusubiri lirudi. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilipofika mita 13.42, mialo ikazama, maduka na vyoo vikawa ndani ya maji. Sisi tulikuwa tunapima kwa magoti. Setilaiti zilikuwa zinapima kimo kilekile kutoka zaidi ya kilomita 1,300 juu. Magugu maji nayo yanaonekana vizuri zaidi kwa rada ya setilaiti za Sentinel-1, kwa sababu rada haijali usiku wala mawingu, na sisi wa ziwani tunajua mawingu yetu.

Sasa, Agosti 23, 2016, mojawapo ya hizo, Sentinel-1A, ilipungukiwa umeme ghafla. Kamera iliyokuwa ndani yake ikaonyesha bawa la sola limeharibika kwa upana wa kama sentimita 40. Kilichoigonga ni kipande cha milimita chache tu. Vitu huko juu hukimbia zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, yaani Mukono hadi Kampala kwa sekunde tatu, na kwa mwendo huo hata punje inakuwa risasi. Safari hiyo setilaiti ilinusurika. Februari 10, 2009 haikuwa hivyo: Iridium 33 na setilaiti ya Kirusi iliyokwisha kufa, Kosmos 2251, ziligongana juu ya Siberia zikazaa maelfu ya vipande. Shirika la Anga la Ulaya linakadiria kwamba vipande vya kati ya sentimita 1 na 10 vinavyozunguka dunia vinazidi milioni moja, na vingi vya ukubwa huo hakuna anayevifuatilia kimoja kimoja.

Mtu akiniambia taka za angani ni shida ya mataifa yenye roketi, namkumbusha kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, hapo jirani Kenya. Desemba 30, 2024 pete ya chuma yenye upana wa kama mita mbili na nusu na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka huko kutoka angani. Watu wa Mukuku hawajawahi kurusha roketi.

Lakini linalonishughulisha zaidi si kuangukiwa. Ni kupofushwa. Jicho linalotazama ziwa letu liko katika njia ya hizo taka, nasi hatushiriki hata kidogo kulilinda.

Na tungeweza kushiriki. Darubini za redio zilizoundwa kusikiliza nyota zinaweza kusikiliza taka pia. Huko Australia Magharibi, Murchison Widefield Array ina maelfu ya antena ndogo zilizotapakaa jangwani kama buibui. Wanasayansi waliitumia kukiona kituo cha kimataifa cha anga, ISS, kwa kunasa mawimbi ya redio za FM yaliyokigonga na kurudi chini. Wao wenyewe hawakurusha wimbi lolote. Walitumia muziki na taarifa za habari za watu wengine. Italia nako, karibu na Bologna, darubini ya Croce del Nord ya mwaka 1964 imepewa kazi ya kupokea mwangwi wa taka, huku mtambo wa kurusha ukiwa mbali, Sardinia. Ukiwa na antena nyingi na saa zinazokubaliana, mwangwi hufikia kila antena kwa kupishana kidogo sana, na katika kupishana huko unasoma mwelekeo. Masikio yetu mawili hufanya hivyohivyo boda ikipiga honi nyuma yetu.

Halafu kuna suala la mahali tulipo. Pale Kayabwe watalii hupiga picha ndani ya duara la ikweta na kununua fulana. Mstari ule una thamani zaidi ya fulana. Kitu chochote kinachozunguka dunia, hata kikipita juu ya ncha mbili za dunia, lazima kivuke ikweta mara mbili katika kila mzunguko, isipokuwa kile kinachozunguka juu ya ikweta yenyewe. Aliye mbali kaskazini hukosa vile vinavyozunguka karibu na ikweta; aliyekaa kwenye ikweta, karibu vyote vya njia za chini humpitia kwa zamu.

Afrika Kusini ina darubini ya redio ya MeerKAT huko jangwa la Karoo, madishi 64 yaliyozinduliwa 2018, na inajenga sehemu yake ya SKA, mradi wa kimataifa wa darubini kubwa ya redio, pamoja na nchi nane za Afrika: Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Uganda haimo. Ghana walichukua dishi lao kuukuu la simu la Kuntunse, la mita 32, wakaligeuza darubini ya redio, na 2017 likazinduliwa. Kuntunse iko karibu na Accra, mji wenye kelele za redio kama Kampala. Kwa hiyo hoja kwamba Mpoma pana kelele nyingi za redio naikubali nusu tu: Mpoma hapatakuwa Karoo, lakini kuna kazi zisizohitaji kimya cha Karoo.

PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda, ilipoachiwa kutoka ISS Desemba 2, 2022, nilifurahi hadi machozi. Vijana wetu watatu waliiunda Japani, na Mpoma ndipo palipokuwa pa kuzungumza nayo. Ila mchemraba wa sentimita 10 ulioachiwa kilomita 400 juu haukai. Hewa nyembamba huuvuta chini hadi ukaungua. Dishi halianguki. Fedha zinazofuata, kwa maoni yangu, ziende kwenye masikio na kwa watu wa kuyatumia, kabla ya setilaiti ya pili.

Najua nitaulizwa kwa nini fedha hizo zisinunue dawa za hospitalini, na si swali la kupuuza. Lakini makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba Ziwa Victoria huua watu 3,000 hadi 5,000 kila mwaka. Usiku upepo hutoka nchi kavu pande zote na kukutana katikati ya ziwa lenye joto, hewa inapanda, na kabla ya alfajiri radi inapasuka juu ya vichwa vya wavua mukene. Mawingu hayo Meteosat, setilaiti za Ulaya za hali ya hewa, huyaona yakikua kutoka angani. Kati ya picha ile na mtu aliye ndani ya mashua panahitajika kituo chenye watu wanaopokea usiku kucha, wanaotafsiri, wanaotuma onyo kwa Kiswahili na Kiganda. Watu wa aina hiyo ndio haohao wa kufuatilia taka. Mafunzo ni yaleyale, vifaa karibu vilevile.

Mwaka jana wanafunzi wangu walifunga vyuma viwili vya alumini kwa umbo la V juu ya paa la darasa, wakaunganisha na kompyuta, wakasubiri Meteor-M, setilaiti ya Kirusi ya hali ya hewa, ipite. Picha ilikuja mstari kwa mstari. Ziwa lilitokea jeusi, na upande wa visiwa vya Ssese wingu jeupe kama pamba. Msichana mmoja ambaye baba yake ni mvuvi wa Katosi alitoka mbio kabla picha haijaisha, akaomba simu yangu.