Kikokotoo hakihitaji eval

Ukishaifunga alama ya kujumlisha ndani ya nukuu, lugha ya programu ya JavaScript haiioni tena kama hesabu. "+" inakuwa stringi, yaani maandishi tu, sawa na "k" au "habari". Ndiyo maana anayejifunza kutengeneza kikokotoo hukwama hapo: mtumiaji kabonyeza 8, kabonyeza alama ya kuzidisha, kabonyeza 5. Vyote vitatu anavyo mkononi, ila hajui aviunganishe vipi ili jibu litoke.

Mafunzo mengi humwambia aandike eval(a + alama + b). Jibu linatoka, naye anafurahi. Mimi naona anafundishwa vibaya, tena mapema mno. Eval haijui kitu kinachoitwa hesabu. Kazi yake ni kuendesha msimbo wowote inaopewa. Leo inapewa "8*5". Kesho kanuni ya bei inasomwa kutoka kwenye hifadhidata, au kutoka kwenye linki aliyotumiwa mtu, na aliyeiandika ameweka humo amri ya kusoma nenosiri kwenye fomu na kulipeleka kwenye seva yake. Eval itatii.

Njia safi ni fupi vilevile. Kila alama ipewe fankisheni yake, yaani kipande cha msimbo kinachofanya kazi moja, ndani ya Map, ambayo ni jedwali linalounganisha alama na fankisheni yake:

const hesabu = new Map([
  ["+", (a, b) => a + b],
  ["-", (a, b) => a - b],
  ["*", (a, b) => a * b],
  ["/", (a, b) => a / b]
]);

Kisha hesabu.get("*")(8, 5) inakupa 40. Alama isiyokuwemo inarudisha undefined, yaani hakuna thamani, nawe unaikataa kabla ya kuita chochote. Wengine hutumia switch, amri inayochagua la kufanya kwa kila alama, na sina ugomvi nao. Wanaotumia obijekti ya kawaida ({}) badala ya Map wakumbuke kuwa hesabu["toString"] ipo hata kama hawakuiweka wao, imerithiwa. Ndiyo sababu napendelea Map.

Kuna mtego mwingine ambao majaribio ya haraka hayauonyeshi. Thamani inayotoka kwenye kisanduku cha fomu ni stringi, hata kama mtu kaandika tarakimu tupu. "8" * "5" ni 40, kwa hiyo unadhani mambo yako sawa. Jaribu kujumlisha: "8" + "5" ni "85". Alama ya + ikikutana na stringi haijumlishi, inaunganisha. Pitisha kila thamani kwenye Number(), inayoigeuza kuwa namba, kisha hakikisha hukupata NaN, yaani jibu la kwamba hiyo si namba.

Mtumiaji akiandika 2+3*4 kwa mkupuo, jedwali peke yake halitoshi, maana kuzidisha kunatangulia. Hapo ndipo wengi huirudia eval kwa madai kwamba hakuna namna nyingine. Namna ipo tangu 1961: mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra alieleza jinsi ya kuzipanga alama kwa rafu (orodha ambayo kilichowekwa mwisho hutoka kwanza) kulingana na kipaumbele chake, na fankisheni za lile jedwali zinafaa humo bila kubadilishwa hata moja. Walimu wetu wa programu waanzie hapo, na somo la eval waliondoe kabisa kwenye vikokotoo.